Maneno Nyuma ya Ghala

Mimi sipendi vitu vya bure. Ukinipa kitu bure nitakigeuza juu chini nikitafuta pale kilipopasuka, na kwa kawaida napapata. Ndiyo maana Lorraine, kitinda mimba wangu, aliponipigia simu kutoka Nairobi kuniambia kuna watu hapa Kitale wanaookota mbwa waliotupwa, wanawatibu, kisha wanawapa watu wanaowataka, swali langu la kwanza lilikuwa, "Huyo mbwa ana shida gani?"

"Hana shida, mami. Amechanjwa, ameoshwa. Nataka akae na baba."

Baba yake, mzee Kagwe, alipigwa na kiharusi mwezi wa pili. Mguu ulirudi kiasi, akawa anatembea kwa bakora. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Maneno hayakurudi kabisa. Kwa miezi tisa alikaa kwenye kiti chake hapa nyumbani kwetu Matisi akinitazama tu, bila kunijibu hata "ndiyo". Daktari alisema nimsemeshe kila siku, kwamba huenda siku moja maneno yakaamka. Nikamsemesha. Kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, hata kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. Nilimsomea Zaburi, nikamsimulia nani ameoa na nani amezikwa, nikamgombeza, nikambembeleza. Kitu kimoja tu nilichokitaka duniani ni aniite Nyaruai, mara moja, hata kama ni kwa kunikaripia. Badala yake nikaletewa mbwa.

Aliyemleta ni kijana mmoja aitwaye Kiptanui, mpole, amevaa buti za mpira. Alifungua mlango wa pikapu, na mbwa jike wa rangi ya chai ya maziwa akashuka akiwa amefyata mkia. Sikio moja lilikuwa na pengo. Hakunusa chochote. Alipita kando yangu kama mtu anayemkwepa mgonjwa, akaenda moja kwa moja chini ya ghala la mahindi, mahali penye giza, akalala kule akiwa amenipa kisogo.

"Mlimwokota wapi huyu?" nikamuuliza Kiptanui.

"Kamukuywa, mama. Hapo sokoni. Alikuwa na kamba kwa shingo. Nafikiria mwenyewe alihama ama alikufa. Sisi tunamwita Kahawa."

Kamukuywa. Kati ya masoko yote ya Bungoma, mbwa wangu atoke Kamukuywa.

Ngoja niseme kwa nini. Zamani Kagwe alikuwa mnunuzi wa mahindi, na kila mwezi alikuwa akienda Kamukuywa kununua kwa wakulima. Mwaka wa tisini na sita nilikuta katika mfuko wake kilo mbili za sukari, pakiti ya majani ya chai na leso mpya. Nikangoja anipe. Kesho yake akaondoka navyo, akarudi mikono mitupu. Mwezi uliofuata, vilevile. Mwezi wa tatu nilimwekea mfuko mezani nikamuuliza vitu hivi ni vya nani. Akasema, "Vya mtu."

Nyinyi mnaosoma mngefanya nini? Mimi nilimwambia achague, mtu wake au mimi. Mama yake mzazi, ambaye tuliishi naye hapa mpaka alipofariki, alikuwa ameketi palepale akichambua maharagwe, na hakuinua kichwa. Kagwe alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Baada ya siku mbili akahamishia biashara yake upande wa Endebess, na Kamukuywa hakwenda tena. Nikajua nimeshinda.

Miaka mitano baadaye, Kagwe akiwa safarini, akaja kijana na baiskeli mpaka getini. Akasema, "Nimetoka kwa Nasambu. Nina ujumbe wa mzee." Sikumpa nafasi ya kumaliza. Nilimwambia akamwambie huyo Nasambu kwamba nyumba hii ina mwenyewe, nikalibamiza geti. Kisa hicho nilikisimulia kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa kwa miaka mingi, nao walinipigia makofi. Kagwe sikumwambia.

Basi mbwa ndiye huyo. Kiptanui alinipa masharti yake kabla ya kuondoka. Nisimfunge mnyororo. Nisimfungie kwenye kibanda mchana kutwa ili awe mkali, kama tunavyofanya sote mtaani. Bakuli lile lile, mahali pale pale, saa ile ile. Nisimkazie macho. Nikitaka kumzoesha, nikae mbali kidogo, nimpe ubavu, nijifanye nina shughuli zangu.

"Na akikataa kula?"

"Atakula akiamini, mama. Mpe wiki mbili. Ikishindikana nitakuja kumchukua."

Nilimwambia wiki mbili ni nyingi mno.

Siku nne hakula. Nilimpikia ugali na omena, nikauweka karibu na ghala saa moja asubuhi, nikakaa mbali kwenye kigoda nikipukuchua mahindi, ubavu nimempa, na shughuli zangu sikujifanya, zilikuwa nyingi kweli. Nilimwita Kahawa. Nilimwita kwa mluzi. Nilimwita kwa Kikuyu, lugha ambayo mbwa wetu wote wa awali waliitii. Macho mawili yalinitazama kutoka gizani, na nilipogeuka tu yakafumba. Kuku walimaliza ule ugali. Nikamwambia Lorraine kwenye simu kwamba tumepewa mbwa kiziwi.

Siku ya tano bakuli lilikuwa tupu, na kuku walikuwa bado bandani.

Sasa, mimi nikiona kitu kizuri bila sababu, nalala na jicho moja wazi. Siku ya sita, tupu tena. Na mbwa alikuwa na unga puani. Siku ya saba nilimkuta ameota jua kando ya turubai la mahindi, na aliponiona akarudi chini ya ghala, lakini taratibu, kama mtu asiyetaka kumkosea heshima mwenye nyumba. Kuna mtu alikuwa akimzoesha, na mtu huyo si mimi. Nikamshuku Fridah jirani, anayeuza sukuma wiki nje ya geti letu, kwa sababu geti hulifungua apendavyo. Nikawashuku wezi. Ni kawaida yao, watampa mbwa nyama wiki nzima, awazoee, halafu waje kubeba mahindi yako naye akitikisa mkia.

Siku ya nane nilimwambia Kagwe kwamba naenda dukani. Nilitoka kwa geti kwa kelele nyingi, nikaingia tena polepole, nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Nikasikia sauti ya mwanamume ikizungumza nyuma ya ghala. Ilikuwa ya chini, inakwaruza, inasimama na kuanza tena. Nilishika mti wa kusongea ugali niliokuwa nimeubeba kwa ajili hiyo, nikachungulia. Hapakuwa na mwizi. Alikuwa Kagwe, ameketi juu ya gunia tupu, bakora imelala kando, bakuli la mbwa mapajani. Alikuwa akimlisha kwa mkono wake mbovu, tonge kwa tonge. Na alikuwa anaongea.

Moyo uliniruka kwa furaha, na furaha hiyo haikudumu. Sikuelewa hata neno. Halikuwa Kikuyu wala Kiswahili wala kigugumizi cha mgonjwa. Lilikuwa Kibukusu, ambacho nimekisikia maishani mwangu kote sokoni bila kukijua, na kilikuwa kinamtoka mume wangu kama maji. Miaka arobaini na minane ya ndoa, na sikuwahi kumsikia akisema hata salamu kwa lugha hiyo. Niliumia, siwezi kusema uongo. Miezi tisa nimemwogesha, nimemlisha, nimemsomea, na maneno yake ya kwanza anampa mbwa, tena mbwa wa Kamukuywa, tena kwa lugha ya yule mwanamke.

Nikajitokeza. "Kagwe," nikasema. Akafunga mdomo. Mbwa akapotea chini ya ghala. Kagwe alinitazama kama mtu aliyekamatwa na kitu mkononi, na neno halikutoka tena siku ile.

Kesho yake nilimshika Fridah mkono, nikamleta nyuma ya tangi. Fridah kwao ni Bungoma, na midomo haimwashi, hiyo ndiyo sifa yake. Tulisimama pale mpaka Kagwe akaanza.

"Anasema nini?"

"Anamwambia mbwa akuje. Ati asiogope, hapa hakuna mtu mbaya."

"Na sasa?"

Fridah aliinamisha uso. "Si uwachane nayo, Mama Lorraine."

"Fridah."

"Ati wanyamaze, wajifiche vizuri. Ati mama atakuja kuwachukua."

"Mama gani?"

"Sijui. Lakini hii lugha hakujifunza kwa soko, bana. Anaongea kama mtu wa nyumbani kabisa. Vile watu wanaongea na watoto."

Vile watu wanaongea na watoto. Nilirudi jikoni nikashika tama. Hesabu ilikuwa rahisi mno. Mwanamume aliyepelekea mwanamke sukari kila mwezi, anayejua kubembeleza mtoto kwa Kibukusu, anayesema mama atakuja. Basi haikuwa hawara tu. Kulikuwa na watoto. Watoto wangu mimi wana ndugu Kamukuywa ambao sasa ni watu wazima, na siku Kagwe atakapofumba macho watakuja na mashuka yao kulala kwenye matanga yangu na kudai nafasi yao mbele ya jeneza. Nikaamua heri niwaone mimi kwanza, kabla hawajaniona.

Nilimwachia Fridah mzee, nikapiga picha ya mbwa kwa simu ili niwe na kisingizio, na Jumanne asubuhi nikawa Kamukuywa. Nilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba, nikamwambia nimepewa mbwa wa huku, natafuta mwenyewe. Akaangalia picha, akasema alikuwa wa fundi mmoja wa viatu aliyefariki mwaka jana, watu wake wakahama. Basi, habari ya mbwa iliishia hapo. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na Nasambu bado yuko?"

"Nasambu yupi? Kama ni yule wa zamani, muone Sifuna pale kwa duka ya mbolea. Ni kukhu yake."

Sikujua kukhu ni nani wake, ila nilikwenda. Sifuna alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani. Nilimchunguza pua, nikamchunguza masikio, nikitafuta Kagwe. Sikumpata. Aliniangalia naye, muda mrefu, mpaka nikajihisi vibaya.

"Kalibu, mama," akasema. "Wewe ni bibi ya Mukhisa."

"Sijui Mukhisa. Mume wangu ni Kagwe."

"Ndio huyo. Huku ni Mukhisa. Mimi nakujua, mama. Niliendesha baiskeli kutoka hapa mpaka kwa geti yako Matisi, na hukunipatia hata maji."

Akanisogezea kiti cha plastiki katikati ya magunia ya mbolea, akaniambia nikae, yeye akabaki amesimama. Nilimuuliza swali nililolibeba kutoka nyumbani. "Nasambu alizaa na mume wangu watoto wangapi?"

Sifuna hakukasirika. Nadhani alinionea huruma, na huruma yake iliniuma kuliko angenitukana.

"Nasambu ni nyanya yangu, mama. Mzee wako ni mtoto yake. Ngoja nikuerezee."

Akanieleza. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, baba na mama yake Kagwe walikuwa vibarua katika shamba la mzungu upande wa Kiminini, na mume wa Nasambu alikuwa dereva wa trekta palepale. Siku askari walipokuja kuwakusanya Wakikuyu wote kwenye malori, mama yake Kagwe alimpitisha mtoto juu ya ua wa michongoma, akampa Nasambu. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Nasambu akamleta Kamukuywa, akamwita Mukhisa, akamnyonyesha pamoja na wake. Askari walipopita, alimficha nyuma ya ghala, akimwambia anyamaze, mama atakuja kumchukua. Miaka saba. Mama mzazi aliporudi, akamkuta mtoto hajui neno moja la Kikuyu, anamkimbia.

"Nyanya alisema alitoroka mara tatu kuludi huku, kwa miguu," Sifuna alisema. "Ile mara ya tatu mama yake alimchapa, akamwapisha. Ati asiongee hii lugha tena, na asiwahi sema kuna mama mwingine. Alikuwa anaona aibu, huyo mama. Lakini sisi hatukumlaumu. Mzee alipokuwa mtu mzima akaanza kukuja na biashara ya mahindi. Kila mwezi alikuwa anapelekea nyanya sukari, na majani, na leso. Vile mtu anapelekea mama yake. Halafu akaacha kukuja."

Sikuuliza kwa nini aliacha. Nilikuwa namwona mama mkwe wangu na maharagwe yake, akisikia yote, akijua yote. Na Kagwe akimtazama, akingoja amfungulie kinywa.

"Na ile siku ya baiskeli," nikasema.

"Nyanya alikuwa amekufa Jumatano. Mazishi ilikuwa Jumamosi. Alisema Mukhisa asipokuja wasimfunike uso. Tulingoja mpaka saa kumi, jua ikaanza kwenda. Halafu tukamfunika."

Nilimwambia Sifuna pole. Ni neno dogo, na nililisema vibaya, nikiangalia sakafu. Alinipeleka kuliona kaburi, nyuma ya nyumba, saruji imepasuka kidogo, migomba pande zote mbili. Sikujua mkwe anafanya nini mbele ya kaburi la mkwe aliyemfukuzia mtu wake. Niling'oa magugu. Sifuna aliniacha niyang'oe mpaka yakaisha.

Nilifika Matisi saa tisa alasiri. Fridah aliniona usoni, akarudi kwenye sukuma wiki zake. Kagwe alikuwa nyuma ya ghala juu ya gunia lake, mbwa amelala na kichwa juu ya kiatu chake. Safari hii sikujibanza. Mbwa aliinua kichwa, akanitazama nikija, akabaki pale pale.

Niliketi chini, kwenye ukingo wa turubai.

"Mukhisa," nikasema.

Nimeishi na uso ule miaka arobaini na minane, na sikuwahi kuuona ukifunguka namna ile. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, na alinitazama kama mtoto anayesikia hatua mlangoni. Midomo ilihangaika. Kisha akasema neno moja, kwangu mimi, baada ya miezi tisa, na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

"Mayi?"

Alikuwa akimuulizia mama yake. Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kumdanganya, nisijifanye mwema. Ningesema anakusalimu, na angeendelea kungoja kwa furaha, nami ningebaki mshindi wa geti langu. Nikamshika mkono wake mbovu kwa mikono yangu yote miwili. Nikamwambia polepole kwamba Nasambu alifariki, mwaka wa elfu mbili na moja. Kwamba alimngoja mpaka uso wake ulipofunikwa. Kwamba alituma mtu aje kumwita, na mtu huyo alifika hapa getini, na mimi ndiye niliyemrudisha.

Alielewa. Niliona yanavyomwingia, neno kwa neno. Machozi yalimtoka bila sauti, yakashuka mpaka kidevuni. Akautoa mkono wake kutoka mikononi mwangu, kwa shida, kidole kwa kidole, akauweka juu ya mgongo wa mbwa, akageuza uso kuelekea ukutani.

Nikabaki nimeketi pale kwenye turubai. Baada ya kitambo akaanza kuongea tena na mbwa, kwa ile lugha, na katikati ya maneno yake nikasikia jina langu, Nyaruai. Sikumwita Fridah aje anieleze lilikuwa limetajwa kwa ubaya au kwa wema.